Msimamizi wa kujitolea si mwenye seva

Mkuu, umeuliza kama msimamizi wa kujitolea wa mchezo wa mtandaoni alikuwa na haki ya kukataa kukurudishia upanga wa mhusika wako, uliopotea seva (kompyuta inayoendesha mchezo) ilipokatika. Haki anayo, na mara nyingi uwezo wa kuurudisha hana. Nimeifanya kazi hiyo miaka miwili. Nilichoweza ni kumnyamazisha mtu kwenye gumzo, kumtoa mhusika aliyekwama ukutani na kupokea malalamiko, basi. Kumbukumbu za seva sikuziona hata siku moja, sasa ningejuaje kama upanga ulikuwa wako kweli? Nikikupa kwa huruma, kesho wanakuja ishirini na hadithi ileile, na soko la mchezo linaharibika. Peleka ombi kwa wenye mchezo, uwatajie saa, mahali na jina la mhusika wako.

Lakini hilo la pili, kwamba alimfungia akaunti mchezaji aliyemshinda kwenye pambano, halikubaliki kabisa. Ugomvi unaomhusu yeye lazima amwachie mwenzake. Jambo hili si geni: tangu MUD, mchezo wa maandishi wa wachezaji wengi ulioanzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, mchezaji aliyefikia cheo cha mchawi alipata nguvu juu ya wenzake, na nguvu hiyo inamlevya hata mtu mwema. Lishtaki kwa wenye mchezo, si kwa wasimamizi wenzake. Piga picha ya gumzo la siku ile kabla halijafutika, uiambatanishe, na usimtukane popote.