Shangazi, nimemwachia Mungu lakini naona kimya

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, naishi Nzuguni. Tulihamia Dodoma 2017, mume wangu alipohamishwa na wizara yake kutoka Dar. Mwaka jana kiharusi kilimchukua. Nimebaki na watoto watatu na nyumba iliyoishia kwenye renta. Mtaji wa duka umeishia kwenye ada. Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka ya mbegu mara mbili kwa mtumishi mmoja aliyesema milango itafunguka. Mzee wa kanisa ananiambia Mungu ananipogoa kama mzabibu. Kwaya nimeacha, nikianza kuimba koo linakaba. Karatasi za mirathi anazo shemeji, sijamfuatilia, nimemwachia Mungu. Dada ananiita nirudi Dar. Je, nimepoteza imani?*
*Mama wa Watatu, Dodoma*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana.

Nianze na huyo mzee wa kanisa, maana amenikera. Huku kwetu zabibu tunazijua. Ukipita Mpunguzi au Hombolo baada ya kupogoa utadhani shamba limekufa, visiki vitupu, kumbe baada ya wiki chache yanachipua majani. Ni mfano mzuri, na Yesu mwenyewe aliutumia. Lakini mume wako hakuwa tawi lililokatwa ili wewe uzae zaidi. Alikuwa mtu, akaugua, akafa. Mzee huyo ana nia njema, nadhani. Aliona kimya kinamshinda akatafuta neno la kukijaza. Mwitikie "amina" kwa heshima, uende zako.

Imani hujaipoteza. Aliyeipoteza hakeshi akiomba, wala hanung'uniki kwamba Mungu yuko kimya, kwa sababu hana wa kumnung'unikia. Fungua Zaburi ya 88, uisome kwa sauti watoto wakishalala. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa za sifa. Hiyo haigeuki. Inaanza kwa kulia na inaishia gizani, hakuna haleluya, na bado waliiacha ndani ya Biblia. Siku ambazo huna maneno yako, tumia hayo.

Kwaya iache kwa sasa, ila ibadani nenda. Kaa benchi la nyuma karibu na mlango, waimbe wenzako. Wewe uliwaimbia miaka yote hiyo wakiwa na misiba yao. Na akina mama wa jumuiya wakija na unga na maharage, pokea. Najua sisi tuliohamia mji huu tuna aibu ya kuonekana tumeishiwa, tunapenda kusema "tunamshukuru Mungu" huku sufuria limefunikwa tupu. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, chini ya mti wa mretemu kule jangwani, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Kulikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, na malaika akamwacha alale.

Kuhusu sadaka ya mbegu: usitoe tena hata shilingi. Toa sadaka yako ya kawaida kanisani kadiri unavyoweza, basi. Mtu anayejua kwamba mjane amekosa ada na bado anampangia kiwango cha kutoa ili afunguliwe mlango, mimi simwiti mtumishi.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitisha haraka, kana kwamba hukutaka niione. Karatasi za mirathi anazo shemeji, nawe "umemwachia Mungu". Hapana, mdogo wangu. Hapo umemwachia shemeji. Katika Luka 18 Yesu anawafundisha watu kuomba bila kukata tamaa, na mfano anaouchagua ni wa mjane. Mjane huyo hakuwa amejifungia chumbani. Alikuwa akimwendea kadhi, yaani hakimu, tena dhalimu, leo na kesho, mpaka yule bwana akachoka naye akampa haki yake. Kumbe kufuatilia faili nako ni kuomba.

Marehemu alikuwa mtumishi wa umma, kwa hiyo kuna mafao ya wategemezi ya kuulizia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Nenda na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Uliza pia kama shemeji ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, au alipendekezwa tu na kikao cha ukoo. Kikao peke yake hakimpi mamlaka hayo. Kama ameteuliwa, anawajibika kutoa hesabu mahakamani. Huna fedha za wakili? Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasiojiweza husaidiwa bure. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu. Simsingizii shemeji wizi. Huenda naye amelemewa na msiba wa ndugu yake. Ila mali ya watoto haikai kwenye begi la mtu kwa kuoneana haya.

Dar nenda ukapumzike wiki mbili likizo ya shule, dada akupikie. Kuhama usiamue sasa. Faili liko huku, nyumba iko huku, na watoto wameshahamishwa na kifo, tusiwahamishe na shule mapema hivi.

Jumatatu ukiamka, kunywa chai kwanza, na ule kitu. Kisha mpigie shemeji. Usimtumie ujumbe, mpigie.