Kabla ya Kutazama Filamu ya Kitabu Ukipendacho

Kwa miaka mingi nilitazama filamu zilizotokana na vitabu kama karani anayehakiki hesabu. Huyu mbona mrefu? Yule shangazi wa sura ya tatu kapelekwa wapi? Mbona barua haikusomwa yote? Kisha siku moja nilimaliza filamu ya riwaya niliyoipenda tangu utotoni, nikabaini kwamba sikumbuki sauti ya mwigizaji hata mmoja. Nilikumbuka makosa tu. Iliniuma, maana nilikaa saa mbili nzima mbele ya kazi ya watu bila kuiona.

Tangu hapo najizuia. Kama nimesoma kitabu, naacha miezi kadhaa ipite ndipo nitazame. Vijambo vidogo hufifia, kinabaki kile kilichonigusa hasa, na hicho ndicho ninachokidai kwa mwongozaji. Mengine namsamehe.

Kumsamehe ni lazima. Watu wa filamu hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa muswada wa filamu ni dakika moja kwenye skrini. Filamu ya saa mbili basi ni kurasa 120 hivi, tena za mistari michache. Riwaya ya kurasa 400 itaingiaje humo bila kukatwa? Mwongozaji Erich von Stroheim aliwahi kujaribu kutoacha kitu alipotengeneza filamu ya Greed kutokana na riwaya. Toleo lake la kwanza lilizidi saa saba. Lile lililofika kwa watazamaji mwaka 1924 lilikuwa la saa mbili na ushee.

Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na filamu zilizotokana na hadithi fupi au riwaya fupi. The Shawshank Redemption ya 1994 imetoka kwenye hadithi ya Stephen King iliyochapishwa 1982, na hapo pana nafasi ya kupumua. Kwenye hadithi, wakuu wa gereza hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Filamu imewakusanya wote katika mtu mmoja, uovu ukapata uso mmoja wa kuuchukia mpaka mwisho. Hadithi inamwacha msimulizi akiwa bado safarini, na tumaini lake tu mkononi. Filamu inatufikisha ufukweni tuwaone marafiki wakikutana. Mimi napenda mwisho wa kwenye karatasi, ila nilipouona ule wa skrini nililia, na siwezi kukana machozi yangu.

Je, filamu inaweza kukifikia kitabu? Naam, hata kukipita, pale inapofanya jambo ambalo karatasi haiwezi. Tazama ubatizo katika The Godfather ya 1972. Padri anamuuliza Michael, kijana anayeshika uongozi wa familia ya mafia, kama anamkataa Shetani. Anajibu kwa utulivu kwamba anamkataa, na kati ya swali na jibu tunaona watu wakiuawa kwa amri yake, kinanda cha kanisani kikiendelea kulia juu ya yote. Mwandishi angelazimika kutueleza hili kwanza, kisha lile. Hapa mambo mawili yanakuangukia kwa pamoja, na sura ya yule kijana haitikisiki. Na Francis Ford Coppola, mwongozaji wake, hakukidharau kitabu: alizichana kurasa za riwaya, akazibandika kwenye daftari kubwa na kuzijaza maelezo pembeni, ukurasa kwa ukurasa.

Pale utamu wote ulipo katika sauti ya msimulizi, namna anavyojidanganya au anavyozunguka jambo asilotaka kulitaja, sina matumaini makubwa. Kamera huona uso. Mawazo inabidi yasemwe kwa mdomo, na yakishasemwa huwa mengine. Vitabu vya namna hiyo navirudia kwenye karatasi na filamu zake siziharakii.

La mwisho ni utaratibu: ukiweza, soma kwanza. Sura ya mwigizaji ikishaingia kichwani haitoki. Shawshank niliitazama kabla ya kuisoma. Red, yule msimulizi wa kwenye hadithi, ni mzungu mwenye asili ya Ayalandi, ana nywele nyekundu, na King kaliandika hilo waziwazi. Nimeisoma mara tatu sasa, na kila ukurasa bado anausoma Morgan Freeman, mwigizaji mweusi aliyekuwa Red kwenye filamu.