Shotigani ya lindoni: anza na risasi, jina la bunduki lifuate

Kila kundi jipya la walinzi likiingia mafunzoni, swali ni lile lile: "Mwalimu, shotigani ipi kali, ya Remington au ya Mossberg?" Mimi huwarudishia swali. Lindo lako likoje? Ni geti la kiwanda, mlango wa benki katikati ya mji, au gari la kusindikiza fedha? Nyuma ya mtu utakayemlenga kuna ukuta wa tofali au kuna foleni ya wateja? Ukijibu hayo, kazi kubwa ya kuchagua umeshaimaliza.

Kwa hiyo naanza na risasi, maana ndizo zinazonunuliwa kwa kutazama bei tu. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu; geji 12 ina mtutu wenye kipenyo cha takriban milimita 18.5. Ganda lake, yaani risasi nzima, kwa kawaida lina urefu wa milimita 70, na lipo la 76. Soma kilichochongwa kwenye mtutu. Kama umeandikwa 70, usiutie la 76 hata ukiona linaingia vizuri. Linaingia kwa sababu urefu ule hupimwa ganda likiwa limeshafunguka; ukilipiga, mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka na presha inapanda vibaya.

Ndani ya ganda ndiko kwenye tofauti. Risasi za ndege, zile gololi ndogo ndogo, ziache kwa mazoezi na kwa kanga. Hazizami vya kutosha kumzuia mtu aliyedhamiria, lakini zinaweza kumtia upofu mpita njia. Kwa lindo, watu wengi huchukua saizi ya gololi kubwa iitwayo 00, kwa kawaida gololi 9 kwa ganda, kila moja karibu milimita 8.4. Pakiti nyingine huandika SG au SSG. Herufi hizo hutofautiana kati ya nchi na nchi, basi tazama kipenyo cha gololi na idadi yake. Slagi ni kipande kimoja kizito, mara nyingi gramu 28 hivi. Inafika mbali kuliko gololi na inapenya sana, hivyo mjini mimi siipendi. Ikimkosa uliyemlenga, inaendelea na safari.

Wapo wanaodhani shotigani haihitaji shabaha, eti unaelekeza tu upande wa mwizi. Huo ni uongo wa sinema. Mtutu usiobanwa mdomoni hutawanya gololi za kawaida kama sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kwa hiyo ukiwa mita 5 kundi zima linaingia kwenye kiganja. Ukikosa hapo, umekosa kweli. Ukifika mita 25, baadhi ya gololi zinapita pembeni ya kifua, na kila iliyopita ni yako wewe uliyevuta.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Mkiwa uwanjani, bandikeni karatasi kubwa mita 5, 10, 15 na 20, mpige kwa bunduki ile ile ya lindoni na risasi zile zile za lindoni. Badilisheni kampuni ya risasi, mpige tena. Mtashangaa: bunduki moja, gololi 9 zile zile, kundi moja limebana na jingine limesambaa mara mbili. Risasi kama Federal zenye kikombe cha plastiki cha kubebea gololi kiitwacho FliteControl hushikilia gololi pamoja kwa muda mrefu zaidi baada ya kutoka mtutuni. Umbali ambao gololi ya kwanza inatoka nje ya umbo la kiwiliwili, huo ndio mwisho wa umbali wako wa kupiga. Zaidi ya hapo usivute.

Hili lishikeni kuliko yote: msichanganye geji 20 na geji 12 kwenye sanduku moja. Ganda la geji 20 ni jembamba. Likitiwa kwenye geji 12 linateleza na kukwama ndani ya mtutu. Mlinzi anavuta, kimya. Anadhani hakutia kitu, anapandisha ganda la geji 12 nyuma yake, anavuta tena, na mtutu unapasuka kando ya mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano. Ukiona njano lindoni kwenye geji 12, simamisha makabidhiano.

Sasa bunduki yenyewe. Remington 870 ipo tangu 1950, Mossberg 500 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zote mbili ni za pampu, yaani unapakia kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, na zinafanya kazi. Kinachowatenganisha lindoni ni kufuli la usalama: la Remington liko nyuma ya kifyatuo, la Mossberg liko juu mgongoni ambapo kidole gumba kinalifikia, uwe wa kulia au wa kushoto. Chagueni moja kwa kampuni nzima ili mkono usichanganyikiwe usiku. Benelli M4, ambayo Wanamaji wa Marekani waliichukua mwaka 1999 kwa jina la M1014, hujipakia yenyewe na ni nzuri sana, ila bei yake si ya mshahara wetu, na bunduki za namna hiyo zinaweza kugoma kwa risasi nyepesi za mazoezi. Pampu haichagui, lakini inataka uvute hadi mwisho na kusukuma hadi mwisho. Ukivuta nusu kwa woga, ganda linakwama.

Mtutu wa sentimita 46 hadi 51 unatosha. Ule wa uwindaji wa 71 utakugonga mlango wa gari. Kitako kipime: kikiwa kimegusa kiwiko kwa ndani, kidole kinafika kwenye kifyatuo bila kunyooka? Kikiwa kirefu, teke lake litakuumiza na utaanza kufumba macho. Vile visivyo na kitako, vya kushika kama bastola, msivikubali hata kwa bei ya bure.

Kwenye gari chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, iwe tupu, risasi zikae kwenye magazini. Kufuli katika bunduki nyingi za aina hii linazuia kifyatuo tu, hivyo ikidondoka ikiwa na risasi chembani, usiliamini. Na risasi zinazoingia na kutoka kila zamu, zikagueni: ganda lililovimba, mdomo uliobonyea, au shaba yenye kutu ya kijani, jambo la kawaida sana Dar na Tanga, litengwe, liandikwe kitabuni na lirudishwe kwa mtunza silaha siku hiyo hiyo.