Vali iliyorekebishwa hudumu miaka mingapi? Jibu kwa mama wa Lamu

Mama, umeuliza hivi: bintiyo wa miaka 19 amerekebishwa vali ya mitrali (mlango wa moyo upande wa kushoto), mmesharudi Lamu, na wataka kujua itadumu miaka mingapi na kama wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya maisha. Kwanza uliza vali iliharibiwa na nini.

Zile habari za kwamba zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hupita miaka 10 bila kupasuliwa tena ni za watu ambao vali ililegea tu au kamba zake zikakatika, wengi wao watu wazima wa Ulaya na Marekani. Kwao daktari hukata kipande kilicholegea au hutia kamba mpya za uzi, kisha hushonea pete ili mdomo wa vali usitanuke. Kazi hiyo hudumu sana, hasa kama ubovu ulikuwa kwenye kipande cha nyuma cha vali.

Kwa kijana wa huku kwetu, chanzo mara nyingi ni homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maumivu ya koo utotoni. Vali huwa nene, ina makovu, kingo zimegandana. Hurekebishika, lakini homa ikirudi huila vali ile ile. Kwa hiyo baada ya operesheni naipa sindano uzito kuliko mshono: benzathini penisilini, yuniti milioni 1.2 msulini, kila wiki 3 au 4. Kupasuliwa hakuifuti sindano hiyo. Huendelea angalau miaka 10 tangu homa ya mwisho au hadi umri wa miaka 40, muda ulio mrefu zaidi. Dawa ile ikishachanganywa ni nzito, huziba sindano nyembamba, nayo ikisukumwa haraka huuma vibaya. Ndipo vijana wanapoanza kukwepa kliniki. Bintiyo aende ameshakula na kunywa maji, achomwe akiwa amelala, polepole.

Wafarini: kwa vali iliyorekebishwa, kama mapigo ya moyo ni ya kawaida, mara nyingi ni miezi 3 hivi, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikiwa kati ya 2 na 3. Mapigo yakienda ovyo, huendelea. Wanaoimeza maisha yote ni wenye vali ya chuma. Asiiache mwenyewe, lakini akikosa siku zake amwone daktari wiki hiyo hiyo, maana hudhuru mimba changa. Mchicha na kisamvu ale. Ila hupunguza nguvu ya wafarini, basi asile sufuria nzima leo kisha akae wiki mbili bila.

Ripoti ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya siku ya kutoka hospitali itunze kama hati ya shamba. Soma uvujaji uliobaki: ukiwa kidogo, sawa; ukiwa wa kati, vali hiyo ifuatiliwe kwa karibu. Eko nyingine miezi 1 hadi 3 baadaye, kisha kila mwaka.

Kabla ya kung'oa jino: amoksilini gramu 2, saa moja kabla, ili vijidudu visikalie vali, kwa asiyedhuriwa na penisilini. Bintiyo akiwa bado kwenye sindano za penisilini, amwambie daktari, maana huenda akachaguliwa dawa ya jamii nyingine. Homa isiyoisha msikimbilie duka la dawa. Damu ioteshwe maabara kwanza, kwani vidonge huficha vijidudu vilivyokalia pete.

Wiki 8 hadi 12 asinyanyue mtungi wa lita 20, na kwenye boti ya Mokowe akae nyuma, amekumbatia mto kifuani, kule mbele mawimbi hupiga zaidi. Akianza kuongeza mito ili apate usingizi, miguu ikivimba, uzito ukipanda kilo 2 kwa siku tatu, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, msisubiri tarehe ya kliniki.