Kabla ya Kukariri Vitenzi vya Kiingereza, Chunguza "-na-" na "-me-"

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayetafuta kazi aliniomba orodha kamili ya vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni. Alikuwa ametoka kwenye usaili ambako, mara tu aliposema "I am knowing this work very well", mmoja wa wasaili alimkatiza na kumrekebisha kwa kejeli, na tangu hapo ulimi ukawa mzito. Orodha anayoitaka inapatikana katika vitabu vingi vya sarufi, nami sina shaka kwamba "know, knew, known" aliikariri tangu sekondari. Kilichomponza ni kiambishi cha Kiswahili alichokihamisha kama kilivyo.

Uchungu wake naufahamu. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, ambako masomo yote isipokuwa Kiingereza chenyewe yalifundishwa kwa Kiswahili, kisha nikaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu, kuanzia jiografia hadi baiolojia, ni kwa Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kusoma insha zetu mbele ya darasa. Siku alipofikia sentensi yangu ya kueleza picha, "The man has worn a white shirt", darasa zima liliangua kicheko, wakiwemo wale ambao, naapa, wangeandika vivyo hivyo. Alipiga mstari mwekundu na kuandika "is wearing". Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Jibu hilo liliniuma kuliko kicheko, na hata sasa ninapolipwa kuhariri ripoti za watu waliosoma shule za gharama kubwa, bado linaniuma, kwa kuwa maelezo yalikuwepo, tena ndani ya lugha niliyoizungumza tangu utotoni.

Maelezo yenyewe ni haya. Kiambishi "-me-" kina kazi zaidi ya moja. Katika "amefika" na "amekula" kinaonyesha tendo lililokamilika, na Kiingereza husema "has arrived" na "has eaten". Lakini katika "amevaa", "amesimama" na "amekaa", mara nyingi tunaeleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi, na hapo Kiingereza hutumia "is wearing", "is standing" na "is sitting". Kwa "nimechoka" na "amekasirika" hakihitaji hata kitenzi cha tendo, bali hutumia "be" na kivumishi: "I am tired", "he is angry". Kwa hiyo, kila unapotaka kuandika "has" au "have", jiulize kwanza kama unasimulia tendo au unaeleza jinsi mtu alivyo. Jihadhari pia na mazoea yetu ya mazungumzo ya kusema "nimemwona jana", kwa sababu Kiingereza sanifu hakikubali "have seen" ikae pamoja na "yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha kupita, sema "I saw him yesterday".

Nako kwa "-na-" mambo ni hayohayo. "Anasoma gazeti" yaweza kuwa sasa hivi, yaweza kuwa kila asubuhi, na sisi hatusumbuki, ilhali Kiingereza hulazimisha uchaguzi. Kipimo ninachokitumia ni "hu-": pale ambapo "anasoma" inaweza kugeuzwa kuwa "husoma" bila kuharibu maana, andika "reads", isipowezekana, na tendo likiwa linaendelea, andika "is reading". Vitenzi kama "know", "believe", "understand" na "own" hutaja hali badala ya tendo lenye mwendo, kwa hiyo kwa kawaida havipokei "-ing" hata unapozungumzia wakati huu huu. Msomaji wangu alipaswa kusema "I know this work very well", basi.

Kosa la "did you went" nalo huwasumbua hata wahitimu wa chuo kikuu, ingawa Kiswahili kinatupa mwanga. Sisi husema "alikwenda", lakini katika ukanushi hatusemi "halikwenda". "-Li-" huondoka na tunapata "hakwenda". Katika Kiingereza, "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kikuu hurudi kwenye umbo lake la msingi: "did you go", "she did not go". Ninakiri kwamba "went" yenyewe haina budi kukaririwa, maana kihistoria ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", na hakuna kanuni itakayokufikisha huko kutoka "go". Vivyo hivyo "be", yenye maumbo manane. Orodha, basi, ina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo kuliko tulivyoaminishwa.

Ndugu zangu, sote tunazitaka kazi hizo na masomo hayo ya nje, na hakuna anayefika huko kwa kukariri majedwali asiyoyaelewa, wala kwa kumcheka mwenzake anayejaribu. Kabla ya usaili ujao, andika majibu yako kwa Kiswahili, pigia mstari kila "-na-" na kila "-me-", amua kila kimoja kinafanya kazi gani, ndipo uyaandike kwa Kiingereza na kuyasoma kwa sauti. Msaili akikukatiza tena, sema kitenzi sahihi mara moja, kisha endelea na jibu lako hadi mwisho.