Umepata Kazi ya Kuwa Msaidizi wa Mkubwa? Jifunze kwa Wapambe wa Majenerali

Kijana akipata kazi ya kuwa msaidizi binafsi wa mkubwa, kitu cha kwanza anachokimbilia kununua ni suti. Sisi wa Nakuru labda tunaponzwa na Lanet, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi. Makadeti wakihitimu, macho yote huenda kwa mpambe, yule afisa msaidizi anayesimama nyuma ya Rais, kamba za dhahabu begani, hata kope hazichezi. Basi watu hudhani kazi ni kusimama. Mimi nimembebea mkoba bosi mmoja wa shirika kwa miaka mingi, Njoro, Gilgil, Molo, na ninachoweza kukuambia ni kwamba kusimama ni sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe ni maneno ya mtu mwingine: uyapokee, uyaandike, uyafikishe yakiwa mazima.

Habari za wapambe wa majenerali nilizianza kuzisoma ndani ya gari, nikisubiri mikutano iishe. Msaidizi husubiri sana, afadhali ulijue hilo mapema.

Anayenisumbua hadi leo ni Kapteni Louis Nolan, Mwingereza wa vita vya Crimea, walipopigana na Warusi. Tarehe 25 Oktoba 1854, pale Balaclava, Lord Raglan, kamanda mkuu wa Waingereza, alikuwa kilimani. Kutoka huko aliona Warusi wakijiandaa kuondoka na mizinga waliyokuwa wameiteka, akaagiza wapanda farasi waende kuwazuia. Amri ikaandikwa kwenye karatasi, Nolan akateremka nayo mbio. Bondeni, kamanda wa wapanda farasi, Lord Lucan, hakuiona mizinga hiyo kutoka alipokuwa. Akauliza: mizinga ipi? Nolan, ambaye alimdharau Lucan waziwazi, alinyoosha mkono kuelekea bondeni akamjibu kwa ukali kwamba adui ni yule pale, na mizinga ni ile pale. Watu kama 670 wakapanda farasi kwenda kukabili mizinga mingine kabisa, iliyokuwa mwisho wa bonde. Waliokufa walipita 100, na Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Kuna wanaomlaumu Raglan, na kweli karatasi yake ilikuwa na utata. Tena yeye mwenyewe aliwahi kuwa katibu wa kijeshi wa Wellington, jenerali maarufu wa Uingereza, kwa hiyo kazi ya kuandika amri aliijua. Lakini mimi macho yangu yako kwa mpambe. Nolan alitoka kilimani, alikuwa ameona kile alichokiona mkubwa wake. Lucan hakuwa akiiuliza karatasi, alikuwa akimuuliza yeye.

Ndiyo maana siondoki mbele ya bosi kabla sijaelewa. Mkubwa wangu alikuwa na tabia ya kusema akiwa tayari mguu mmoja uko ndani ya gari: "Mwambie yule jamaa wa maji asimame kwanza." Majamaa wa maji walikuwa wawili, mwenye lori la maji na fundi wa kisima. "Yupi, mzee, wa lori au wa kisima? Asimame leo, au mpaka utakaposema?" Atakunja uso. Mwache akunje. Ukifika kwa unayempelekea, hata kama humpendi, mpe nafasi ya kuuliza, na umjibu kama vile ni bosi mwenyewe anayeuliza. Wasaidizi wengi huharibu hapo. Cheo cha bosi huwapanda kichwani, wakaanza kuongea na wakuu wa idara kama watoto.

Jambo la vifaa nalo si dogo. Tarehe 9 Aprili 1865, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Lee wa Kusini aliposalimu amri kwa Jenerali Grant wa Kaskazini huko Appomattox, wino wa nyumba ile haukufaa kitu. Kilichosaidia ni kidau kidogo cha wino alichozoea kutembea nacho Charles Marshall, mpambe wa Lee. Lee alipotaka kutia alama mahali palipokosekana neno, alijipapasa mifukoni hakupata penseli, na aliyemkabidhi yake ni Horace Porter, mpambe wa Grant. Nakala safi ya masharti iliandikwa na Ely Parker, msaidizi mwingine wa Grant, mtu wa taifa la Seneca, wenyeji asilia wa Marekani, kwa sababu mwenzake aliyepewa kazi hiyo kwanza mikono ilimtetemeka. Kwa hiyo mkobani weka kalamu mbili, chaja, karatasi zenye anwani ya ofisi na dawa za presha za mzee. Suti itafuata.

Siri sina haja ya kuzieleza. Usiweke picha ya mkutano kwenye status, basi.

Sasa, kuondoka. Alexander Hamilton aliingia kuwa mpambe wa Jenerali Washington Machi 1777, Wamarekani wakipigania uhuru kutoka kwa Waingereza, akawa anamwandikia barua usiku na mchana, huku moyo wake unataka kikosi cha kuongoza. Aliomba, akanyimwa, maana kalamu yake ilihitajika. Februari 1781 Washington alimgombeza kwenye ngazi kwa kumweka akingoja. Hamilton akajibu hapo hapo kwamba basi waachane. Washington alituma mtu kupatanisha, Hamilton akakataa. Ila hakutoka akiacha meza wazi. Aliendelea na kazi kwa muda hadi nafasi yake iweze kuzibwa. Oktoba mwaka huo huo aliongoza shambulio la usiku kwenye ngome ndogo ya Waingereza huko Yorktown, na mwaka 1789 Washington huyo huyo, sasa akiwa Rais, akamfanya waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani.

Wewe usingoje ugomvi wa ngazini. Omba uhamisho mambo yakiwa shwari, taja idara unayoitaka, na umwandae wa kushika nafasi yako kabla hujaulizwa. Namba za dereva, daktari na mama watoto wa mzee ziandike kwenye daftari umkabidhi anayekuja. Zikibaki kwenye simu yako pekee, utapigiwa saa tano usiku mwaka mzima.