Maalim, elementi za asili ni 92 au 94?

SWALI: Asalaam alaykum Maalim. Mie mvuvi niko Wete, binti yangu yupo fomu tuu. Juzi karudi skuli na karatasi ya mtihani, kaandika elementi za asili ni 94, mwalimu kamtia kosa kasema ni 92, mtoto analia ananambia baba mie nimeisoma kwenye intaneti. Sasa nani mkweli hapa? (Baba wa fomu tuu, Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam baba. Mwambie binti anyamaze, hakukosea. Na mwalimu nae hakulibuni hilo 92, sisi tulosoma zamani sote tulikaririshwa hivohivo. Kila elementi ina namba yake, na namba hiyo ni idadi ya protoni, vijichembe vilivyomo ndani ya kiini cha atomi yake: haidrojeni 1, dhahabu 79, urani 92. Urani ndo nzito ya mwisho inayochimbwa kwa wingi ardhini, basi watu wakavuta mstari palepale, huku za Mungu, kule za maabara. Leo jadweli zima la elementi lina 118.

Tabu ni kuwa mstari ule unavuja pande zote mbili. Chini ya 92 ipo namba 43, teknetiamu, miaka na miaka tundu lake lilikuwa wazi kwenye jadweli watu wanaitafuta hawaioni, mpaka 1937 Carlo Perrier na Emilio Segrè wakaipata kule Palermo, Italia, ndani ya kipande cha metali ya molibdenamu kilichotoka kwenye mashine ya kurusha chembe ya Berkeley, Marekani. Ndo ikawa elementi ya mwanzo kutengenezwa na binadamu, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kuundwa. Haya, sasa sikiliza, hapa ndo mie nnapopapenda kuliko pote: 1952 mtazama nyota Paul Merrill akaikuta kwenye mwanga wa nyota, na miaka kumi baadae chembe zake zikapatikana kwenye mawe ya urani kutoka Kongo. Kumbe ipo. Ile ilozaliwa pamoja na dunia ilishaoza zamani, lakini urani ikipasuka yenyewe ndani ya jiwe inazaa nyengine, kidogokidogo, mpaka leo.

Juu ya 92 mambo ni yaleyale. Neptuniamu, 93, ilitengenezwa Berkeley 1940, na plutoniamu, 94, ikafata baada ya miezi michache tu, kisha zote mbili zikaonekana kwenye mawe ya urani, chembe za kuhisabu. Na pale Oklo, Gabon, hapahapa Afrika, 1972 Wafaransa waligundua kuwa urani ya mle mgodini ilishawahi kujiwasha yenyewe kama mtambo wa nyuklia, maji yanapita kwenye mwamba, zamani kiasi cha miaka bilioni mbili, na plutoniamu ilizaliwa mle bila ya mkono wa mtu yeyote. Ndo maana wengi sasa wanasema 94, na wapo wanaofika 98. Mie nasema mwalimu ampe binti maksi yake.

Nyengine zilizobaki huko juu ni za maabara kweli, lakini usidhani ziko mbali na sisi. Mahoteli mengine ya pwani yana kile kidude cheupe cha duara darini, cha kunusa moshi. Nilishushiwa kimoja kibovu nikakigeuza, nyuma kina kibandiko kimeandikwa Am 241, hiyo ni amerisiamu, namba 95, ilitengenezwa mara ya mwanzo 1944. Chembe yake haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu, ila msikifungue. Na ya mwisho, oganesoni, iliundwa Dubna, Urusi, kwa kuipiga kalifoniamu (98) kwa kalisi (20). Jumlisha mwenyewe, 118. Inaishi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, basi.

SWALI: Maalim, yupo mtu ananambia anajua kuigeuza zebaki ikawa dhahabu, anataka laki tano za dawa. Inawezekana? (Mama wa Darajani)

JIBU: Dada yangu, usimpe hata shilingi. Zebaki ni 80 na dhahabu 79, protoni moja tu imezidi, lakini hakuna dawa wala moto wa jikoni unaoifika hiyo protoni, dawa zote zinaishia kwenye elektroni za nje ya atomi. Kule CERN, maabara kubwa ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kati ya 2015 na 2018 walipitisha viini vya risasi (ile metali, si ya bunduki) karibukaribu kwa kasi inayokaribia ya mwanga, vyengine vikapoteza protoni tatu vikawa dhahabu. Unajua walipata kiasi gani kwa muda wote huo? Ichukue gramu moja uikate vipande trilioni, walipata vipande 29, tena havikudumu hata kwa kupepesa jicho. Huyo wako ana mashine gani?